Barua Iliyonizaa Kalerwe

Mimi ni mtu nisiyejua kungoja. Mama yangu husema hata tumboni sikungoja. Nilitoka mwezi wa nane, mkunga hajamaliza chai yake. Shuleni ninakofundisha Kiswahili, juu kule Naguru, wanafunzi wameshanizoea: nikiuliza swali nalijibu mwenyewe kabla mkono wa kwanza haujanyooka. Sasa mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji, ukamwambia "keti hapo utaitwa," umemfunga mbuzi kwa kamba fupi. Nitazunguka palepale mpaka kamba iishe.

Jumanne ninayoikumbuka nilikuwa kwenye benchi hilo tangu saa mbili asubuhi, na nilikuwa nimeshasimama mara nyingi mno. Nilisimama kusoma matangazo ya ukutani, ambayo nilikuwa nimeyasoma. Nilisimama kuuliza dirishani kama namba yangu imepita, na nikaambiwa kwa upole ule ule kwamba haijapita. Siku hizi maombi yenyewe hufanywa kwenye mtandao, na ukiambiwa hivyo unadhani mambo yamekwisha, kumbe mtandao unakupeleka tu kwenye benchi kwa njia ya mbali.

Mama mmoja Mkongomani, mchuuzi wa vitenge kutoka Bukavu, alikuwa amekaa karibu yangu akiwa na bahasha kubwa mapajani. Alinivumilia, kisha akachoka.

"Dada, ikala chini," akaniambia. "Hii benchi haina miguu ya kukimbia."

"Nina safari," nikamjibu.

"Bote hapa tuko na safari," akasema, akasogea kunipa nafasi.

Lakini yangu haikuwa ya kusogeza. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinakaribia kwisha, ndiyo, ila si hicho kilichoniwasha. Mama yangu alikuwa Tanga akingoja kupasuliwa jicho. La kushoto lilikwisha kuzimika. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na huyo ndiye waliyetaka kumtoa. Mwaka uliotangulia alipewa siku akakataa kwenda kwa sababu sikuwapo, nafasi ikampita. Mimi ndiye mtoto wake pekee, hana wa kumshika mkono. Safari hii alipewa Jumatano ya wiki iliyofuata ile ya benchi, akanipigia simu. "Nakwenda," alisema. "Ila wakinifungua kitambaa nisikuone wewe, namwambia daktari amrudishe mtoto wake palepale alipomtoa." Alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua.

Kutoka Kampala hadi Tanga kwa basi ni kulala njiani mara mbili. Ilikuwa lazima niondoke Jumapili, haikosi. Na pasipoti yangu ilikuwa ndani, nyuma ya dirisha lile, pamoja na maombi ya kibali. Mwalimu wa hesabu wa shuleni kwetu, Mkenya, alinicheka asubuhi ile: "Pole, mwalimu. Sisi tunavuka Busia na kitambulisho tu, kama tunaenda dukani." Sisi Watanzania hatumo katika mpango huo. Bila pasipoti sivuki.

Hata hivyo sikuwa na wasiwasi wa kweli, nilikuwa na haraka tu. Karatasi zangu zote zilikuwa kamili: barua ya shule, vyeti, picha, na barua ya mwenyekiti wa mtaa wetu wa Kalerwe kuthibitisha kwamba ninaishi huko. Niliamini zitagongwa muhuri kabla ya chakula cha mchana, nipande bodaboda, nikawahi kipindi cha saa nane.

Nilipoitwa nilikuta ofisa mwanamke wa rika langu, mwenye miwani na sauti ndogo. Alikuwa amezipanga karatasi zangu mezani, na barua ya mwenyekiti ilikuwa peke yake mbele.

"Madamu, wewe ni mutu ya wapi?"

"Tanga. Tanzania."

"Na hii balua inasema nini?"

"Inasema ninakaa Kalerwe."

"Umesoma?"

Barua ilikuwa ya Kiluganda. Kiluganda changu ni cha sokoni. Najua bei na najua matusi. Nilipopewa barua ile niliutazama muhuri, nikaona uko sawa, nikaikunja. Mimi, ambaye kila muhula nawaambia watoto wasome swali mara mbili kabla ya kushika kalamu.

"Wewe si mwalimu?" akauliza.

"Ni mwalimu."

"Na hukusoma."

Akanisomea yeye, polepole, akinitafsiria. Barua ilisema kwamba mwenye kuileta ni mtoto wa hapa, aliyezaliwa Kalerwe. Baba yake ni mwenyekiti mwenyewe, mwandishi wa barua. Mama yake ni marehemu mke wa mwenyekiti. Halafu likafuata jina langu, lakini si lile la kwenye pasipoti. Lilikuwa jina la Kiganda, la wasichana wa ukoo wa Mmamba.

Ofisa alinyanyua macho. "Wewe ni wa Mmamba?"

Ningekuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, maisha yangu yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuulizwa swali hilo sokoni, na nimezoea kulijibu kwa maringo. Nikatabasamu kabisa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wa Mmamba."

Akaiweka kalamu chini.

Inabidi nieleze nilivyoupata ukoo. Nilipofika Kampala miaka mitatu kabla, nilipanga chumba katika ua wa mwenyekiti huyo, nyuma ya soko la Kalerwe, mahali ambapo mvua ikinyesha mtaro huja kukusalimia mlangoni. Alikuwa dereva wa jeshi aliyestaafu, na Kiswahili chake alikiokota kambini. Kilikuwa Kiswahili kisicho na adabu za ngeli, na kila nilipomsahihisha alinijibu kwamba lori halisomi sarufi. Mkewe aliuza mboga za majani palepale sokoni. Watoto wao walikuwa wamekua wametawanyika.

Mwezi wangu wa pili nikashikwa na homa ya matumbo na malaria kwa pamoja. Nakumbuka kidogo tu: kubebwa, taa za hospitali ya Mulago, na nesi akiuliza kwa sauti ni nani anayeniuguza. Kule mgonjwa asiye na mtu wake ana taabu. Ni mtu wako anayekuosha, anayekulisha, anayefuata majibu ya vipimo. Mimi sikuwa na mtu, nilikuwa na mwenye nyumba. Yule mama akasema, "Ni mimi. Ni mwanangu." Nesi akatutazama, mimi mwembamba mrefu wa rangi ya mtama, yeye mfupi mweusi mnene, akaandika. Mama yule alilala juu ya mkeka chini ya kitanda changu siku sita.

Nilipotoka mwenyekiti akasema mtoto hawezi kukaa bila ukoo. Akawaleta wazee wawili wa ukoo wake, tukakaa ukumbini, tukatafuna buni kama desturi yao, nikapewa jina. Nikaambiwa kuanzia siku hiyo nisile kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, maana ndiye mmamba, ndugu yetu. Sikuwa na shida naye. Hata kumtazama sikupenda. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nilipewa la kuitwa, si la kuandikwa.

Kuanzia hapo alikuwa akiniita "muwala wange," binti yangu, na mimi nikimwita baba. Tuligombana kwa jambo moja tu. Kwao mtoto wa kike humsalimu mzazi kwa kupiga magoti, na mimi nilikataa. Nilimwambia nyumbani kwetu magoti ni ya sala. Nilimsalimu kwa salamu ya kwetu, "shikamoo," nikamfundisha kuitikia, na siku moja kwa kiherehere cha ualimu nikamweleza kwamba maana yake ni nashika miguu yako. Nilijuta. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikisema shikamoo aliitazama miguu yake, kisha akanitazama mimi juu. "Umeshika wapi? Umesimama kama mulingoti ya bendera." Mkewe alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la gomesi, gauni lake la Kiganda. Mwaka jana presha ikamchukua, na aliyebaki kucheka asubuhi ni mzee peke yake.

Hayo yote nilijaribu kumweleza ofisa kwa dakika mbili. Nilieleza vibaya, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupaza sauti. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo hata leo siwezi kulipinga.

"Hapa kitu moja si kweli, madamu. Pasipoti ama balua. Mutu hawezi kuzaliwa mara mbili. Pasipoti itakaa hapa mpaka cheyamani mwenyewe akuje aseme. Na alete balua ingine."

Nilifikiria ubalozi, ambao hutoa hati ya dharura ya kusafiria. Lakini mtu ambaye pasipoti yake imezuiwa kwa uchunguzi haendi kuomba hati ya pili, anakuwa ametafuta matatizo ya pili. Nilitoka. Mama wa vitenge akanisoma uso.

"Wamekukatala?"

"Hapana," nikasema. "Wamenikubali mno."

Sikuona ugumu wowote mbele. Nilidhani mzee ataandika barua nyingine jioni ile, kesho tutakwenda, mambo yamekwisha. Nilimkuta kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, redio mapajani, na kabla sijasema kitu alinyanyua uso wenye furaha.

"Balua ilikuwa nzuri?"

Hapo ndipo nilipojua alivyoiandika. Hakukosea. Alikaa nayo jioni nzima, kwa mwandiko wake mzuri, akiamini ananipa kitu kikubwa kuliko nilichoomba. "Nilitaka wasikusumbue," alisema. "Mutoto wa hapa hasumbuliwi. Mugeni ndiyo anasumbuliwa."

Nikamweleza kilichotokea. Nikamwambia kinachotakiwa: aje aseme mimi si mtoto wake.

Alizima redio. Akaiweka chini, kisha akasema hapana.

"Baba, ni maneno tu. Ni ya ofisini."

"Ya ofisini ndiyo mabaya. Ya nyumbani unasema, unafuta. Ile ya serikali inaandikwa." Akanionyesha chumba chao kwa kidevu. "Marehemu alisema kwa Mulago, mbele ya nesi, wewe ni mutoto wake. Nikienda kule kusema wewe si mutoto, ninasema nini juu yake? Kwamba alidanganya?"

Nikakasirika. Niliingia chumbani nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano sikuweza kutulia popote. Darasani nilimfokea mtoto aliyeandika vizuri. Mchana nilikwenda tena ofisini peke yangu, nikidhani labda ofisa atanihurumia. Alinihurumia, na pasipoti ikabaki ndani. Jioni sikutaka kuingia uani, nikalizunguka soko lote. Nilipita kwenye nyanya, nikapita kwenye mihogo, nikapita kwenye samaki ambako kamongo walikuwa wamelazwa wakiwa wamejikunja, na nikasikia hasira hata juu yao. Wanawake wa mboga wakaniita kwa lile jina la ukoo, "wewe, njoo ununue," na kwa mara ya kwanza nilitamani wasinijue.

Alhamisi mama alipiga simu. Alikuwa ameshapanga nguo za hospitali kwenye mkoba. "Umekata tiketi?" akauliza. Nikasema tiketi ipo. Ilikuwa kweli, niliikata mapema, kiti cha dirishani, Jumapili.

Nilipokata simu nilitoka moja kwa moja hadi kwenye kigoda. Mzee alikuwa akimenya muhogo. Nilimwomba tena, kwanza vizuri. Nikamwambia mama yangu anangoja, jicho ni moja tu lililobaki, akikataa mara hii hatakubali tena. Alisikiliza, akaumia, nilimwona anaumia, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na huyu mama yako wa hapa?"

Nikamjibu bila kuvuta pumzi. "Huyo amekufa! Wangu mimi yuko hai!"

Kisu kilisimama kwenye muhogo. Mpangaji mwenzangu aliyekuwa akianua nguo akaingia chumbani mwake. Ningeweza kuomba radhi palepale, neno moja tu lingetosha, na sikulisema, kwa sababu nilikihitaji kile alichokuwa akikikataa, na niliona maneno yale yatamsukuma. Naona aibu kuliandika hilo kuliko hata maneno yenyewe.

Mzee aliukusanya muhogo wake sahanini akaingia ndani. Baada ya muda nikasikia pasi ya mkaa ikigongagonga mezani. Alikuwa akipiga pasi kanzu.

Ijumaa asubuhi alinikuta mlangoni tayari amevaa: kanzu, koti la kijivu, viatu vya jeshi vilivyong'arishwa. Muhuri wa mtaa alikuwa ameufunga kwenye leso. Nikasema shikamoo. Hakuitazama miguu yake.

"Twende, mwalimu," akasema.

Miaka mitatu hakuwahi kuniita mwalimu. Tulipanda bodaboda mbili, yake mbele na yangu nyuma, na njia nzima nilitazama mgongo wa koti lile.

Pale ofisini hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya ofisa mwenye miwani, mikono ubavuni, kama anasubiri kukaguliwa. Ofisa alimsalimu kwa Kiluganda, kwa heshima, akapiga goti kidogo hata pale ofisini. Mzee alimwitikia kwa Kiluganda. Kisha akageuza lugha, akasema Kiswahili. Alifanya makusudi ili nisikie.

"Afande, huyu si mutoto wangu. Ni mupangaji. Anatoka Tanzania. Ile balua nilikosea. Mimi ni muzee."

"Sawa, ssebo. Inatosha."

"Bado. Marehemu muke wangu alisema kwa Mulago huyu ni mutoto yake. Na yeye alikosea."

Ofisa aliinua mkono. "Hiyo ya marehemu hatuandiki, muzee. Hakuna mutu anauliza hiyo."

"Andika," akasema. "Mulitaka kweli. Hiyo ndiyo kweli yote."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Nilitaka kusema hapana, hakukosea, alilala chini ya kitanda changu siku sita, nani anakosea siku sita? Lakini kila neno la utetezi lingeirudisha pasipoti kwenye kabati. Nikakaa kimya. Sijawahi kukaa kimya hivyo maishani, na siku nilipokaa nilikuwa nimekosea siku.

Ofisa akampa karatasi. Mzee akainama mezani, akaandika barua ya pili, mara hii kwa Kiingereza kifupi cha serikali, mistari mitatu. Kwamba anayetajwa ni mgeni, raia wa Tanzania, anapanga Kalerwe. Jina lilikuwa la kwenye pasipoti. Akafungua leso, akaupulizia muhuri, akaugonga, akatutazama sote wawili kuuliza kama kuna lingine. Hapakuwa na lingine.

Nilimfuata nje, lakini nilipofika getini alikuwa ameshapanda bodaboda. Nikarudi kwenye benchi kungoja, na mama wa vitenge alikuwepo, siku yake ya sijui ngapi. Akaniuliza kama yule mzee ni baba yangu. Nikasema ni mwenye nyumba. Saa tisa alasiri nikapewa pasipoti ikiwa na kibali cha miaka miwili, muhuri mzuri, haujachafuka popote.

Jumapili niliondoka. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa nilipopita na begi, na redio ilikuwa ikisikika ndani.

Nilifika Tanga Jumanne. Jumatano wakampasua, Alhamisi asubuhi wakamfungua kitambaa. Nilikuwa nimeinama mbele yake kiasi kwamba nesi alinisukuma nisimzibie mwanga. Mama alipepesa, machozi yakamtoka, jicho likazunguka likitafuta, likanipata.

"Umekonda," akasema. "Na umevaa vibaya."

Nililia mpaka nikatolewa nje. Kama mtu ataniuliza ningefanya tena, nitasema ndiyo, ningekwenda kule ofisini tena kwa ajili ya uso ule. Silifichi hilo.

Lakini jioni, tumekaa barazani, yeye akiwa na miwani yake myeusi, akauliza kama alivyouliza siku zote kwenye simu. "Na baba yako wa huko, hajambo?" Hawajawahi kuonana. Walisalimiana kwa simu tu, sikukuu kwa sikukuu, na msiba ulipotokea mama alimwombea marehemu siku arobaini kama amefiwa na dada.

Nikamwambia yote. Nilianza na barua, nikadhani atacheka, na kweli alicheka kwenye kamongo. Nilipofika kwenye yale maneno niliyomwambia mzee pale kwenye kigoda, akaacha.

"Ulimwambia hivyo? Mtu mfiwa?"

"Nilikuwa na haraka, mama. Ilikuwa kwa ajili yako."

"Usiniwekee mimi lawama." Akaisogeza miwani. "Mimi nilikuzaa, haya. Kuzaa si kazi." Hakumalizia methali, kila mtu anajua ilipobaki. "Ukirudi usimsalimie umesimama."

Nilikaa Tanga wiki mbili, kisha nikarudi. Basi liliingia Kampala asubuhi, mvua imetoka kunyesha, na Kalerwe ilikuwa tope tupu kutoka barabarani hadi uani kwetu. Nilikuwa nimevaa sketi ya kazini kwa sababu nilitaka kupitiliza shuleni. Begi begani, mkononi kifurushi cha mama cha ubuyu na visheti. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake nje, karibu na wanawake wa mboga, daftari la mtaa mapajani. Aliniona kutoka mbali, akarudi kuangalia daftari.

Nikaweka begi chini. Nikapiga magoti.

Sikujua kupiga vizuri. Nilitua kwa nguvu, tope likaruka hadi kwenye kanzu yake. Mwanamke mmoja wa mboga alisema "bambi!" kwa kunihurumia na wenzake wakageuka wote, walikuwa wananijua mimi na mlingoti wangu.

"Shikamoo, baba."

"Simama, mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Mugeni hapigi magoti."

"Shikamoo."

"Utachafua nguo ya shule."

"Imeshachafuka. Shikamoo."

Akafungua ukurasa mwingine wa daftari. Maji ya tope yalikuwa yakipenya sketi, baridi, na goti la kulia lilikuwa juu ya kokoto. Kipindi changu cha kwanza kilikuwa kinaanza Naguru. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kusimama, kueleza, kumaliza. Nilikuwa na maelezo mazuri, niliyatunga njia nzima kutoka Tanga. Sikuyatoa. Niliinama nikaishika miguu yake yote miwili, juu ya ndara, ilikuwa na tope kama yangu.

"Hakukosea," nikasema. "Mama hakukosea kule Mulago. Mimi ndiye niliyekosea."

Mzee aliitazama miguu yake. Aliitazama kwa muda mrefu, kama zamani alivyokuwa akiitazama kila asubuhi ili mkewe acheke. Akafunga daftari.

"Malahaba," akasema.

Nikataka kuinuka. Akaniwekea mkono begani.

"Ngoja," akasema. "Wewe, muwala wange, unasimamaga haraka sana."

Nikangoja.